Bango la malengo la mwanafunzi: picha tatu za ndoto, picha tisa za njia

Wape wanafunzi 45 wa kidato cha pili manila, mikasi na rundo la magazeti, waambie "bandikeni ndoto zenu", kisha waache kwa vipindi viwili. Ukirudi utakuta gari jeupe kwenye mabango thelathini, ghorofa lenye bwawa la kuogelea, ndege, noti za dola, na pembeni mstari wa Biblia au aya ya Kurani. Yanapendeza. Lakini ukiyachanganya hutajua lipi la nani, na hakuna hata moja linalomwambia mwenyewe afanye nini Jumatatu.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa darasa, mwalimu wa ushauri nasaha, mlezi wa klabu au mzazi anayetaka bango lifanye kazi. Wengine huliita ubao wa maono, wengine ubao wa ndoto. Liite upendavyo, ila shika uwiano: picha 12 kwa jumla, tatu za kule mwanafunzi anakotaka kufika, tisa za njia ya kufika huko.

Uwiano huu una sababu. Mwaka 1999 Lien Pham na Shelley Taylor wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha utafiti juu ya wanafunzi waliokuwa wanakaribia mtihani. Kundi moja lilitakiwa kila siku kujiona kichwani likiwa limepata alama ya juu, jingine kujiona limekaa linasoma. Waliojiona wanasoma walisoma zaidi na wakapata alama bora. Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha New York, naye ameonyesha kwamba kujipiga picha ya ushindi peke yake hupunguza nguvu ya kuuendea: mtu hulegea kana kwamba amekwisha kufika. Bango lililojaa magari linamfanyia mwanafunzi hivyo hivyo kila asubuhi.

Wiki moja kabla ya mikasi

Usianze na picha. Ukianza na picha, gazeti ndilo litakalomchagulia mtoto maisha: atabandika alichokikuta. Wiki moja kabla, gawa nusu karatasi yenye maswali haya, wajibu kwa Kiswahili au lugha yoyote wanayofikiria nayo:

1. Taja kazi tatu ulizowahi kuona mtu akizifanya kwa macho yako, si kwenye runinga wala simu.
2. Nyumbani au shuleni hutumwa kufanya nini kwa sababu unakiweza kuliko wenzako?
3. Somo gani unaweza kukaa nalo saa nzima bila kusukumwa? Lipi unalikwepa?
4. Ukiwa na miaka 25, siku ya kazi ya kawaida, saa nne asubuhi, uko wapi na mikono yako inafanya nini?
5. Nini kinaweza kukukwamisha? Taja kimoja kilicho ndani yako na kimoja kilicho nje yako.

Swali la kwanza ndilo lenye faida kubwa. Darasa likiulizwa "unataka kuwa nani?" majibu ni daktari, mwanasheria, rubani, mhandisi, basi. Likiulizwa limeona nini, wanatokea fundi wa majokofu, mpima ardhi, mtu wa maabara aliyemtoa damu, bwana shamba, mkalimani wa lugha ya alama msikitini au kanisani. Swali la nne humtoa mtoto kwenye cheo na kumpeleka kwenye kazi yenyewe. Anayeandika "niko ofisini" mrudishie karatasi umwulize: ofisini unafanya nini?

Karatasi hizi hazisomwi mbele ya darasa. Zisome mwenyewe, maana utazihitaji hatua inayofuata.

Kurudi nyuma kwa swali la "kabla ya hapo?"

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo walimu wengi huparuka. Chukua lengo moja, anzia mwisho, uliza "kabla ya hapo?" hadi ufike wiki hii.

Tuseme binti wa kidato cha tatu ameandika "muuguzi". Muuguzi aliye wodini amesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Kabla ya hapo? Amesoma stashahada ya uuguzi na ukunga, miaka mitatu. Kabla ya hapo? Amefaulu kidato cha nne masomo angalau manne yasiyo ya dini, na ndani yake zimo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza humwongezea nafasi. Kabla ya hapo? Hakuiacha Fizikia alipoingia kidato cha tatu.

Kituo hicho cha mwisho ndicho kinachouma. Wanafunzi wengi huacha Fizikia mara tu shule inapowaruhusu, wakiamini uuguzi ni Baiolojia tu. Bango lake likiwa na kofia nyeupe na sindano halitamfumbua macho. Likiwa na mnyororo huu, mwalimu na binti wanaliona tatizo leo, wakati bado kuna la kufanya, si siku matokeo yanapotoka. Sifa za kujiunga hubadilika, kwa hiyo mwalimu awe na mwongozo wa udahili wa NACTVET (baraza la elimu na mafunzo ya ufundi) wa mwaka husika kwa vyuo vya kati, na wa TCU (tume ya vyuo vikuu) kwa vyuo vikuu. Miongozo yote miwili hutolewa kwenye tovuti zao. Pakua kwenye simu yako kabla ya kipindi.

Minyororo mingine ina kituo ambacho wanafunzi hawakijui kabisa. Shahada ya sheria haimfanyi mtu kuwa wakili. Kuna mafunzo ya uanasheria kwa vitendo baada yake. Mhasibu anayetaka kuitwa CPA, yaani mhasibu aliyethibitishwa, ana mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi. Daktari wa binadamu ana miaka mitano ya chuo na mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Fundi umeme anayetaka kufunga nyaya kwenye nyumba za watu kihalali anahitaji leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, si cheti cha chuo cha ufundi cha VETA peke yake. Vituo hivi viwe kwenye bango, na kwa kuwa gazeti halina picha yake, vichorwe.

Kwa wenye lengo la chuo kikuu, ongeza kitu kisichopendeza machoni: cheti cha kuzaliwa. Maombi ya mkopo wa elimu ya juu kwa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, huhitaji cheti kilichohakikiwa, na kwa Bara anayehakiki ni RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Na aliyefiwa na mzazi huhitaji cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Kila mwaka wapo wanaohangaika na majina yasiyofanana kati ya cheti cha kuzaliwa na cha shule. Mtoto wa kidato cha pili akichora cheti kwenye bango lake na kuandika chini yake "nimuulize mama kipo wapi", ameokoa miezi.

Jambo la VETA na mkondo wa amali (masomo ya ufundi sekondari), tuliseme wazi: usiruhusu liwekwe kwenye bango kama shimo la waliofeli. Ukisikia "nikishindwa nitaenda VETA", simamisha kazi kidogo, mtake mwanafunzi ajaze mnyororo wa fundi wa kuchomelea kama alivyojaza wa daktari, na vituo vyote. Ataona ni njia yenye masharti yake.

Vifaa vya darasa la 45

Manila 25: kila mwanafunzi nusu, na mbili za akiba kwa watakaoharibu. Chagua rangi hafifu, nyeupe, maziwa au bluu ya mbali, kwa sababu nyekundu na kijani kibichi humeza maandishi ya peni. Mikasi 12, mmoja kwa wanafunzi wanne. Ukiwa na pungufu, rula na kukunja vizuri hukata gazeti salama kuliko wembe. Kalamu za rangi nene tano au sita. Magazeti ya zamani, yale ya kufungia yanayouzwa kwa kilo sokoni, kilo tatu au nne. Ongeza kalenda za mwaka uliopita, brosha za vyuo na za kampuni za pembejeo. Gazeti la kawaida limejaa wanasiasa na wachezaji. Muuguzi akiwa kazini humpati humo, wala fundi mitambo. Waambie mapema kwamba kuchora kunaruhusiwa, na kwamba mtu wa vijiti anatosha. Mtoto akijichora mwenyewe juu ya baiskeli anakwenda kituo cha kujisomea, hiyo inamshinda mzungu wa kwenye kalenda aliyekaa na kompyuta.

Gundi ya dukani ikiwa ghali, pika ya unga wa ngano: kikombe kimoja cha unga, vikombe vitano vya maji. Koroga unga kwa kikombe kimoja cha maji baridi hadi mabonge yaishe. Chemsha vinne vilivyobaki, mimina uji ule taratibu huku unakoroga, uache utokote dakika tatu hadi ung'ae. Ukiweka unga kwenye maji ya moto moja kwa moja utapata mabonge, na bonge moja chini ya picha hutokeza kama jipu. Pika jioni ya siku moja kabla. Siku ya tatu hunuka. Kiasi hicho kinatosha darasa zima.

Paka nyembamba, kwa kipande cha sponji au kidole, pembeni zaidi kuliko katikati. Gundi nyingi hulowesha gazeti, karatasi inakunjamana, wino wa upande wa pili unatokeza usoni mwa picha. Isitoshe, gundi ya unga ni chakula cha mende na panya, na wanaanzia palipopakwa nene. Mabango yakishakamilika yalazwe usiku kucha, gazeti kavu kati ya moja na jingine, vitabu vizito juu.

Kabla ya kukata manila, uliza litawekwa wapi. Wa kutwa atabandika ukutani juu ya anapolala. Wa bweni hana ukuta. Ana mfuniko wa tranka, na kwa kweli hapo ndipo mahali pazuri kuliko pote, kwa sababu huufungua mara kadhaa kwa siku na wengine hawaoni. Apime mfuniko kwa upande wa ndani, apunguze sentimita mbili kila upande, ndipo akate.

Vipindi viwili, dakika 80

Dakika kumi za kwanza ni za penseli tu. Kila mmoja agawanye manila yake: juu kulia nafasi ndogo ya picha tatu za mwisho, chini kushoto "leo", na kati ya pembe hizo mbili, kwa mshazari, njia yenye vituo vyake kutoka kwenye mnyororo. Pembeni mwa njia aache mahali pa vikwazo viwili alivyojibu swali la tano. Acha sentimita tatu tupu pande zote nne.

Dakika thelathini ni za kutafuta na kukata, na magazeti yasikae mezani muda wote. Weka saa. Ukiwaachia, watasoma habari za Simba na Yanga hadi kengele ilie. Kila picha ikikatwa iwekwe kwanza bila gundi.

Kisha simamisha darasa kwa dakika kumi, kila mtu ahesabu. Picha za mwisho zikizidi tatu, zitoke. Hapa utasikia malalamiko, hasa kwa wenye magari mawili. Usilainike, ila usimdhihaki mtu kwa kutaka gari. Mwache achague moja analolitaka kweli, na nyingine ziingie kwenye bahasha, tutairudia mbele.

Dakika 25 ni za kubandika na kuandika. Kila kituo kiwe na mwezi na mwaka, au walau kidato. "Nisome sana" si kituo. "Maswali kumi ya Kemia kila Jumanne na Alhamisi hadi mtihani wa Juni" ni kituo. Dakika tano za mwisho ni za kufagia, na kweli zitatumika zote.

Anayetaka kuwa Samatta

Atakuwepo. Kila darasa lina wanne watano wa mpira, na wawili wa muziki. Kosa la kwanza ni kuwacheka. La pili ni kuwapigia makofi na kupita. Watendee kama yule wa uuguzi.

Mtoto ameleta picha ya mshambuliaji Mbwana Samatta akiwa na jezi ya Aston Villa ya Uingereza. Hiyo ni Januari 2020. Kabla ya hapo? Genk ya Ubelgiji, tangu 2016. Kabla ya hapo? Lubumbashi, Kongo, TP Mazembe, kuanzia 2011: karibu miaka mitano kabla Ulaya haijamfungulia mlango. Kabla ya hapo? Simba. Kabla yake? African Lyon. Sasa mwambie abandike vituo hivyo vyote kwa mpangilio, halafu vyake mwenyewe sambamba: timu ya darasa, UMISSETA (michezo ya shule za sekondari), timu ya mtaa inayofanya mazoezi saa ngapi na kocha ni nani. Chini ya njia hiyo achore njia ya pili inayopita karibu na uwanja ule ule: uamuzi, ukocha, tiba ya viungo, utangazaji. Usiiite mpango wa pili. Ukiiita hivyo ataisikia kama "sikuamini". Iite njia ya jirani.

Vikwazo na sentensi za -ki-

Bango lisilo na kikwazo ni kadi ya pongezi. Oettingen na mwenzake Peter Gollwitzer wanasisitiza mambo mawili: kikwazo kitajwe, na kiandaliwe jibu la "kikitokea hiki, nitafanya hiki". Kiswahili kinatupa -ki- bure kwa kazi hiyo, na sentensi inatoka fupi:

Umeme ukikatika kabla sijamaliza, nitalala na kuamka saa kumi na moja.
Nikitumwa dukani wakati wa kusoma, nitaenda, na nikirudi nitaanzia nilipokunja ukurasa.
Nikikosa swali mara mbili, nitamfuata mwalimu wakati wa mapumziko, sitasubiri kipindi kijacho.

Mbili kwa kila bango zinatosha. Angalia zisiwe za kumlaumu mtu ("baba akinikatalia...") wala za jambo lisilo mikononi mwake ("nikipata mfadhili..."). Zikiwa za namna hiyo, uliza: wewe mwenyewe utafanya nini?

Ya mbele na ya nyuma

Vikwazo vingine si vya ukutani. Ulevi wa mzazi, ugonjwa, ada, hofu ya kuozeshwa, mambo ya hedhi na kukosa taulo. Sema mwanzoni kabisa, kabla mtu hajaandika, kwamba bango lina pande mbili: ya mbele huonwa na yeyote, ya nyuma ni ya mwenyewe. Alama za mtihani nazo zikae nyuma. Mwanafunzi akikuonyesha upande wa nyuma, na humo mna jambo la kuumizwa au kunyanyaswa, hilo si suala la bango tena: lifikishe kwa mwalimu wa ushauri nasaha au ustawi wa jamii siku hiyo hiyo, bila kulipitisha kwenye ofisi ya walimu kama habari.

Usitoe alama kwa mabango, wala zawadi ya "bango zuri kuliko yote". Utakuwa umempa zawadi mwenye kalamu nyingi za rangi na mwandiko mzuri. Wala usimlazimishe mtu kusimama na kulieleza lake. Wawili wawili, dakika tatu kila mmoja, wasikilizane, inatosha.

Baada ya gundi kukauka

Mabango mengi hufia hapa. Wiki mbili za kwanza mtoto huliona, baada ya hapo jicho hulizoea kama linavyozoea ufa wa ukuta. Dawa yake ni kuligusa. Ijumaa ya mwisho ya kila mwezi, dakika 15, kila mmoja afanye mambo matatu: atie alama ya vema kwenye kituo alichopita, aandike tarehe mpya kwenye alichochelewa, na abadilishe angalau picha moja. Kwa wa kutwa, mabango yabaki nyumbani. Walete daftari lenye orodha ya vituo tu, kwa sababu manila inayosafiri kwenye daladala haifiki Machi.

Kufungua shule Julai ni wakati wa kupima vizuri zaidi, matokeo ya muhula wa kwanza yakiwa mkononi. Wapo watakaotaka kubadilisha lengo lote. Waruhusu, kwa sharti moja: wachore kwanza mnyororo wa lengo jipya hadi wiki hii. Wengi wakifika kituo cha tatu hugundua kwamba walikuwa wanakimbia somo moja gumu, si kazi yenyewe. Wachache watakuwa wamebadilika kweli, na hao wape manila mpya.

Ile bahasha ya picha zilizotolewa igandishwe upande wa nyuma, mdomo wake ukiwa juu. Kila picha inayobanduliwa iingie humo, ikiwa na tarehe na neno moja nyuma yake: "nimefika", "nimeahirisha", au "si yangu". Siku ya wazazi, mtoto akae na mzazi au mlezi wake, aanze kumtolea ya kwenye bahasha, moja moja, kabla hajamgeuzia bango.